Betri Kando ya Ulezi

Leo nimeanika betri za rimoti, na harufu yake ya chuma cha moto imenirudisha uani kwa bibi, alipokuwa akianika ulezi nami nikianika betri za kimashine kando yake. Sista Mhispania wa misheni yetu, aliyekuwa karibu kurudi kwao, alikuwa ameniazima kimashine chake cha kutafsiri: unaandika Kiingereza, kinakupa Kihispania. Nilitaka kumuaga kwa lugha ya kwao.

“Kiulize shikamoo,” bibi akasema.

“Haimo, bibi.”

“Basi hakijalelewa hicho!”

Siku ya kuagana nilikiwasha mbele ya sista, kikazima papo hapo, na maneno yote ya Kihispania yakanitoka kichwani.

“Si nilisema hakijalelewa?” bibi akasema. Akapiga goti, akapiga makofi taratibu, salamu ya heshima ya kwetu. Sista naye akapiga goti vumbini, akaitikia kwa Kifipa chetu safi.

Nikamrudishia kimashine. Akakisukuma kifuani kwangu akicheka.

“Kibaki hapa. Bibi akilee.”