Nyuma ya Shuka la Sinema

Kijana wa duka la kompyuta hapa Kinondoni aliniamkia vizuri, kisha akaanza kunionyesha vioo. "Mama, hiki cha ofisini, hakichoshi macho. Hiki cha watu wa picha, rangi haibadiliki hata ukikaa pembeni."

"Na ukikaa nyuma?" nikamuuliza.

Akacheka.

Sie utotoni mwangu tulikuwaga watu wa nyuma. Gari la sinema lilipokuja Temeke, shuka jeupe lilifungwa kwenye minazi miwili, likinuka vumbi la safari. Bibi yangu hakupenda kubanana na wanaume, kwa hiyo alitandika mkeka upande wa pili wa shuka. Picha ilipenya hata huko. Siku ile walionyesha kijiji cha ujamaa, na baba alishaamua tuhamie kijiji kama hicho. Mizigo ilikuwa imefungwa. Watu wa kwenye sinema walilima, wakaimba, wakakaa kula ugali. Bibi akashika mdomo.

"Wanakula kwa mkono wa kushoto! Wote!"

Akanituma mbele nikamwite baba. Huko mbele, watu walewale walikuwa wanakula kwa mkono wa kulia.

Tulipofika nyumbani bibi hakutaka hata kuketi. "Siendi kuishi na watu wanaokula kwa kushoto. Mwanangu, si umewaona?"

Baba, aliyekaa mbele muda wote hata nilipomwita, alimtazama mama yake. Akanitazama na mie, niliyekuwa nimeshafungua mdomo niseme nilichokiona mbele.

"Nimewaona, mama," akasema, akainama kufungua kamba za godoro.