Chenga Usoni mwa Mama

Harufu ya vumbi linaloungua taratibu ndani ya televisheni ya chogo ndiyo harufu ya mama kwangu. Mwenyewe alifariki nikiwa sijaota meno, akaniachia kanda moja tu ya video: harusi ya mama mdogo, hapo hapo nyumbani Makorora, wanawake peke yao uani. Mama yumo katikati anacheza, kichwa wazi, anacheka. Masika ya mwaka nilioanza shule, picha ikaanza kuharibika.

Bibi alimwita fundi Rashidi, lakini hakumruhusu kuvuka kizingiti. "Wake za watu wamo humo vichwa wazi," alisema. "Hiyo ni amana." Basi fundi akaketi barazani nyuma ya pazia, nami nikawa macho yake. "Mwanangu, waona chenga au mistari?" aliuliza. Chenga, alinifundisha, ni vile vitone vyeupe vinavyochemka kama ubwabwa. Maana yake deki ya video imekosa cha kusoma. Mistari ya kulala ni kanda iliyovutika. Rangi zikipauka, zungusha kitufe cha pili, polepole. Nilijibu kwa fahari ya mtoto aliyepewa kazi ya wakubwa: mistari miwili, imefika puani; sasa chenga, zimemfunika mdomo.

Mwishowe fundi akasema kanda imeingia ukungu, hewa yetu ya Tanga ndivyo ilivyo, akaomba aende nayo dukani aihamishie kwenye sidii ingali na uhai. Bibi akakataa. "Nitamjibu nini Mungu?" Simlaumu, ingawa inaniuma mpaka leo. Ukungu haukungoja ruhusa ya mtu. Masika hayajaisha, chenga zikajaa kioo kizima, na bibi aliketi akizitazama mpaka umeme ukakatika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku hizi nina flati ukutani, picha kali kiasi cha kuhesabu vinyweleo vya watu nisiowajua. Wanangu chenga hawazijui. Kisimbuzi kikikosa mawimbi, kioo hugeuka buluu na kuandika maneno ya adabu. Huniuliza bibi yao, yaani mama yangu, alifananaje. Naweza kuwaeleza mistari ilimpitia wapi, na chenga zilianzia shavu lipi. Uso wenyewe sina. Fundi aliniomba nitazame kasoro, nikazitazama vizuri mno, na hakuna aliyenikumbusha nimtazame mama.