Ndevu Nyeusi za Dualeh

Isiolo ukimwona mzee wa umri wa Dualeh na ndevu nyekundu za hina, humwulizi neno. Ukimwona na ndevu nyeusi ti, unamwuliza arusi ni lini. Ndivyo wenyewe walivyozoea, na usijisumbue kuwabadilisha: hina ni ya mzee aliyetulia, weusi ni wa mzee anayetafuta mke wa pili.

Dualeh hakutafuta mke wa pili. Alikuwa dalali wa mbuzi, mtu wa maneno mengi mnadani na machache nyumbani, na mkewe Hibo alimtosha. Ila Hibo alikuwa Sericho kwa binti yao aliyejifungua, akimhudumia mpaka arobaini iishe. Arobaini iliisha, naye angerudi Alhamisi. Miaka yote ya ndoa yao Hibo ndiye aliyempaka hina, Dualeh amekaa kwenye kigoda ameinua kidevu kama mtoto anayenyweshwa dawa. Sasa mashina ya ndevu yalikuwa yametoka meupe, na mzee alitaka mkewe amkute amependeza.

Jumatano mchana, jua likiwa limewanyamazisha hata mbuzi, alishusha mapazia akaenda rafuni. Makopo yalikuwa mawili, yote ya maziwa ya unga: moja la hina, jingine la piko, ile rangi nyeusi ambayo Hibo huwachorea maharusi mikononi. Miwani ilikuwa chumba cha pili na Dualeh aliona uvivu kuifuata. Akakoroga unga kwa chai ya rangi kama alivyozoea kuona, akajipaka, akafunga kitambaa kidevuni, akajilaza mkekani.

Usingizi ulimchukua mbali. Aliona visima vya Sericho enzi za ujana wake, na ngamia wakishuka kunywa bila kutimua vumbi, kengele zao za mbao zikigonga polepole mno. Hibo alikuwa msichana, yuko ng'ambo ya maji, anamwuliza jambo. Aliona midomo yake ikicheza lakini sauti haikufika. Dualeh akawa anavuka maji yasiyolowesha nguo, anavuka tu, wala ng'ambo haisogei. Aliamkia hapo, kidevu kikimwasha, akahisi upweke ambao siku arobaini zote alikuwa ameukwepa.

Kisha akajitazama kwenye kioo. Ndevu zilikuwa nyeusi kama makaa, kana kwamba ameazima za mtu mwingine.

Alizisugua kwa sabuni ya kipande, kwa ndimu, kwa majivu. Piko haikutikisika. Akajifunika shali hadi puani akatoka, na mlangoni akakutana na Denge, jirani yake Mborana, anarudi kikao cha basari ya wadi na simu mkononi.

"Salaam aleikum, Baba Mahat. Hebu shusha hiyo shali." Denge akaivuta mwenyewe. "Kumbe mambo yameiva! Msichana ni wa wapi?"

"Aleikum salaam. Ni makosa, Denge."

"Makosa yenyewe yana miaka mingapi?"

Denge alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kabla Dualeh hajageuka, picha ilishapigwa. Denge si mtu mbaya, ila mdomo wake hauna mlango.

Dualeh aliogopa, tena kweli. Hibo alimsimulia mara moja tu, mwaka waliooana, kwamba babake alirudi safari moja na ndevu nyeusi, na mamake akajua kabla hajaambiwa. Siku hiyo mamake aliacha kuimba jikoni. Dualeh hakutaka mkewe ashuke garini, amechoka vile, halafu akutane na kitu hicho usoni pake.

Alhamisi asubuhi alikuwa kwa Ekiru, kinyozi Mturkana ambaye vijana humwendea kupaka vichwa rangi.

"Habari, mzee."

"Mbaya. Toa hii rangi."

Ekiru alijaribu blichi kwenye kishungi kimoja chini ya kidevu. Kikageuka njano iliyofifia, kisha kikakatikia vidoleni mwake.

"Nikiendelea utatoka na mabaka kama fisi," alisema. "Na ngozi itachubuka. Mimi siezi kukudanganya."

"Basi nyoa."

"Ninyoe nini?"

"Zote."

Ekiru alizima mashine. "Mzee, watu watasema. Nyinyi Waislamu, ndevu si ya kuchezea."

"Wacha wanisengenye mimi. Mama Mahat alale usingizi."

Adhuhuri msikitini, wazee wawili walimtazama kidevu kile kitupu wakageuzia macho pembeni. Iliuma. Alikuwa amekaa safu moja nao tangu barabara ya mjini ikiwa vumbi tupu, na sasa alijiona kama aliyekuja amevua nguo.

Baada ya alasiri gari la Sericho likaingia. Hibo alishuka vumbi limempaka kope, akamtazama mumewe kwa muda mrefu, akampa mzigo. Walitembea hadi nyumbani, mji ukipita pembeni yao bila sauti. Mlango ulipofungwa ndipo alipokaa.

"Denge alinitumia picha jana," alisema. "Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Niliyapanga vizuri, Baba Mahat."

"Nilikosea kopo."

"Nimejua niliposhuka. Mwanamume anayetafuta mke hajinyoi ndevu." Sauti yake ikapungua. "Nilidhani siku arobaini zimekutosha kunisahau."

Mnadani Dualeh angepata maneno mia. Hapa aliyatafuta akapata machache.

"Zimenitosha kujua kwamba bila wewe hata hina siwezi kujipaka."

Hibo alinyoosha mkono akamshika kidevu, akakipapasa kama kitu alichokuwa akikijua zamani, kabla ya watoto na kabla ya safari zote. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Zitachukua muda gani kuota?"

"Miezi mitatu. Labda minne."

"Basi huko Sericho wampigie mtu mwingine simu," Hibo alisema. "Mpaka ziote, mimi sisafiri."