Injini Isiyopiga Kelele

Watu wakisikia kwamba ujana wangu uliishia kwenye kazi ya kunyamazisha injini za ndege za abiria zinazoshinda kasi ya sauti, huniuliza nilikuwa nchi gani. Nilikuwa Eldoret, kwenye kiwanda cha nguo, injinia wa zamu. Ndege tulizisikia zikipita juu zikielekea kwingine.

Ukumbi wa kufumia ulinguruma mchana kutwa, wafanyakazi wameziba masikio kwa pamba ile ile waliyoifuma. Kelele iliyonitesa hasa ilikuwa ya mpira wa kupitishia hewa. Kompresa ilisukuma hewa kupitia kidomo cha shaba ili kupeperusha vumbi kwenye mitambo, na hewa hiyo ilichomoka kwa kasi kuliko sauti yenyewe, ikipiga mluzi wa kukutoboa masikio. Siku moja nikang'amua kwamba kidomo kile na injini ya ndege ya kasi vina ugonjwa mmoja. Hewa inayotoka mbio hukutana na hewa iliyotulia, zinagombana, na ugomvi huo ndio kelele. Ukitaka ukimya, panua mdomo, hewa itoke taratibu. Lakini ndege ya kuipita sauti haitaki mdomo mpana. Inataka hewa itoke kwa nguvu na kwa kasi, na hapo ndipo mabingwa wote walipokwama.

Nilichukua tupa nikachonga meno ukingoni mwa kidomo, kama ya msumeno, ili hewa hizo mbili zianze kuchanganyika kidogo kidogo. Mluzi ukafa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikamwandikia profesa mmoja ng'ambo aliyeshughulikia injini hizo, naye akanijibu: njoo usome, kila kitu kimelipiwa, mradi uwe umefika masomo yakifunguliwa Septemba.

Kilichobaki ni pasipoti. Siku hizo pasipoti haikuwa ya kuomba tu ukapewa. Kwetu Ainabkoi, mwenyekiti wa chama tawala alipaswa kwanza kukubali kwamba wewe ni mtu mzuri. Kabla sijamwendea, kura ikafika.

Ilikuwa kura ya kupanga foleni. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Ulisimama uwanjani nyuma ya picha ya mgombea wako, huku majirani wote wakikutazama. Mama, aliyenilea peke yake kwa mahindi na ng'ombe wawili, alinishika mkono asubuhi hiyo.

"Leo usilete kichwa ngumu," akasema. "Simama kwa mtu wa chairman, upate hiyo kitu yako uende."

Nilimjibu kwamba nimesikia, na kweli nilikuwa nimesikia. Lakini picha ya pili ilikuwa ya mwalimu wangu wa fizikia, naye mwenyewe amesimama kando yake amevaa koti la kanisani, na miguu yangu ikaenda huko. Ushujaa sikuwa nao. Nilishindwa tu kumpa kisogo mtu aliyenifundisha sauti ni nini.

Foleni yetu ilizunguka uwanja ikatokea getini. Ile nyingine ungeimaliza kwa kuitupia jicho mara moja. Mama alikuwa ndani yake, ananitazama kwa hofu. Baadaye afisa akapanda juu ya kiti akatangaza kwamba ile fupi ndiyo iliyoshinda. Uwanja mzima ulinyamaza. Mimi niliyekuwa nikiutafuta ukimya kwa tupa, ukimya ule niliuchukia.

Nilipomwendea mwenyekiti alinikaribisha chai vizuri sana.

"Injinia, sisi tulikuona," akasema.

"Mzee, siku ile kila mtu alionekana."

"Ni kweli. Hata mama yako tulimwona. Yule ni mtu wa chama. Hiyo boma yenu tutaisaidia. Mwambie alete picha zake, aweke sahihi."

Nikaondoka nikitembea kama mtu aliyeachiliwa kutoka selo. Nilidhani Mama ndiye atakayenidhamini. Mama alivaa gauni lake la ibada, akaenda studio mjini, akapigwa picha amekaza shingo, kisha akatia sahihi kila alipoonyeshwa.

Tukangoja. Julai ikapita, Agosti ikaanza kuyoyoma. Kila zamu, mlango wa chuma ulipofungwa nyuma yangu, nilihesabu siku zilizobaki kufika Septemba. Nilichonga vidomo vingine, virefu na vifupi, nikajua mengi ambayo sikuwa na wa kumwambia. Ndege ikipita niliacha kuinua kichwa. Iliniudhi, na hasira haikuwa na pa kwenda.

Agosti ikiwa ukingoni, mwenyekiti akaja nyumbani mwenyewe. Majirani waliitwa. Alisema chama hakisahau watu wake, akamkabidhi Mama bahasha kwa mikono miwili, watu wakapiga makofi. Mama alikuwa analia kwa furaha. Alitoa kile kijitabu cha pasipoti, akakifungua, akaona uso wake.

Aliupita haraka, akapekua ukurasa mmoja baada ya mwingine akiutafuta wangu. Kurasa zote zilikuwa tupu. Mwenyekiti alikuwa ameketi anakunywa maziwa yetu, ananitazama juu ya kikombe.

"Sasa mimi," Mama akaniuliza, "naenda wapi?"