Kinyozi Aliyejinyoa

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wahenga hawakumjua huyu. Yeye alijinyoa mwenyewe miaka yote, kwa vioo viwili na mashine moja, na kisogo chake kikawa kama shamba lililopaliliwa na mlevi.

"Fundi, hapo nyuma umenyolewa na panya?" wateja walimtania.

"Panya wangu ana bei nafuu," alijibu, akicheka kabla yao. Ukiwahi kucheka, hakuna anayekuuliza swali la pili.

Ukweli ni kwamba hakuweza kuvumilia mkono wa mtu kichwani. Baba wa kambo alimlea kwa makonzi na mwiko, na siku zilizochacha, kwa mguu wa kigoda. Mama alikuwa chumba cha pili, akiongeza sauti ya redio. Basi mpaka ukubwani, mtu akinyanyua mkono kujikuna tu, kinyozi huinama. Mchumba alimwacha kwa hilo. Binti wa watu alitaka kumtoa uzi kwenye nywele, akashtukia mwanaume mzima yuko chini ya meza.

Aliishi chumba cha nyuma ya duka. Alikula amesimama, maana kiti pekee kilikuwa kule mbele, cha wateja.

Upweke ndio uliompeleka kanisani; Mungu angesubiri zamu yake. Pale angalau watu wengi wanaimba pamoja, na hulazimiki kumweleza mtu lolote. Alikaa safu ya mwisho, karibu na mlango, na mambo yakawa shwari mpaka Jumapili moja mchungaji, mtu wa sauti kubwa na spika kubwa zaidi, alipoanza kupita akiwawekea waumini mikono. Alipomfikia, kinyozi akainama kama aliyerushiwa jiwe.

"Pepo!" Mchungaji alifurahi, siku nyingi zilikuwa zimepita bila kupata hata mmoja wa maana. "Jina lako nani, wewe pepo?"

"Mimi ni kinyozi, baba mchungaji."

"Pepo la kinyozi! Toka!"

"Natoka, baba, ila hawa wazee waniachie."

Wazee wa kanisa hawakumwachia. Walimkamata kichwa kwa pamoja, mikono juu ya mikono. Alipiga mayowe, akatapika kwenye viatu vyake, na kanisa zima likashangilia kwamba pepo limetoka. Akaenda zake nyumbani, na Jumapili zilizofuata hakuonekana.

Mvua za mwaka huo zilikuwa zimeshakatika alipoingia dukani Mama Viti, yule mjane anayepanga viti vya kanisa na kuvipangua. Alivua kilemba, akajitupa kitini.

"Nyoa zote. Zimeanza kunikimbia, bora nizifukuze mwenyewe."

Kinyozi akamfunga kitambaa. "Naanza nyuma, mama." Ndipo akagusa. "Sasa naja juu ya sikio." Ndipo akagusa.

"Mbona unatangaza kama mpira wa redioni?"

"Mazoea tu. Kichwa ni cha mtu."

"Na chako, nani alikigusa bila hodi?"

Mashine ikabaki ikiunguruma hewani. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaizima, akaeleza: makonzi, mwiko, kigoda. Hapo kote sauti ilikuwa kavu. Ilipofika zamu ya redio, ikakatika, akageukia ukutani kama anatafuta kitana.

Mama Viti aligeuka kitini, nusu ya kichwa ikiwa uwanja, nusu kichaka.

"Kumbe siku ile tulimkemea mtoto wa watu," akasema. "Na mimi nilipiga makofi. Nisamehe, mwanangu."

"Haidhuru, mama."

"Inadhuru! Tena sana." Akapenga kamasi kwa ncha ya kitambaa cha duka. "Nikuombee?"

Kinyozi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye kioo.

"Tulia. Mikono naikalia."

Na kweli akaikalia. Akaomba kwa sauti ya kawaida, kama anayemsimulia jirani shida ya mtu wa tatu, akataja hata redio. Hakumwambia amsamehe mtu yeyote.

"Haya, malizia huku," akasema baadaye. "Nisitoke hapa watu wakadhani nimepigana na mawifi."

Jioni ile kinyozi alifagia nywele, akafunga duka, akaketi kitandani. Chumba kilikuwa kimya kilekile, na nje watu walipita wakiitana kwa majina, wala si kwa lake. Hakujua maombi ya mtu mmoja huanzaje. Aliyoyasikia yote yalihitaji spika.

"Mungu," akasema polepole, "kama upo, baki hapohapo ulipo. Usinisogelee kwanza."

Akafumba macho, akainama, shingo imekakamaa, akingojea konzi.

Halikuja. Alikaa hivyo kitambo, kisha, kwa tahadhari kubwa, akainua kichwa.