Idadi ya Wanakaya

Mimi na Mama Pindo tunatenganishwa na ukuta wa mbao. Upande wake kuna cherehani, upande wangu mashine ya kunyolea, na kwa miaka kumi na mmoja tumezoea hata vikohozi vya kila mmoja wetu. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa hakuna pindo alilowahi kulikataa: suruali za shule, mapazia, hata joho la hakimu lililoletwa likiwa limekanyagwa. Ulimi wake una makali kuliko mkasi wake. Mimi ananiita Kinyozi, na siku akiwa na furaha ananiita mharibifu wa vichwa.

Analala chumba cha nyuma ya duka. Ukimuuliza anaishi na nani, alikuwa akijibu, "Tuko wawili, mimi na mwanangu." Mwanawe ni fundi wa kuchomelea. Aliajiriwa kiwandani katika mji mwingine, akaondoka na begi moja. Mwanzoni alipiga simu kila wiki, kisha mara mojamoja, kisha namba ikawa haipatikani. Mama Pindo aliendelea kusema "tuko", nami nikamwacha na maneno yake.

Halafu macho yakaanza kumsumbua. Mishono ilikwenda upande, yeye akailaumu mashine. Hospitali wakamwambia ni presha ya macho: atie dawa ya matone kila siku na afanyiwe upasuaji mapema, la sivyo atapoteza uwezo wa kuona, na kilichopotea hakirudi. Gharama hiyo asingeiweza hata angeuza cherehani. Ulikuwepo mpango wa serikali wa kuwatibu bure wenye kipato cha chini, na kama kuna mtu ulitungwa kwa ajili yake, ni Mama Pindo.

Nilimsindikiza kuchukua fomu. Aliijaza mwenyewe, akaificha kwa kiwiko nisichungulie. Majibu yalikuja baada ya mwezi: amekataliwa, kipato cha kaya kimezidi kiwango. Nilipandwa na hasira, nikaitukana ofisi nzima kuanzia mlinzi wa getini kwenda juu, mpaka nilipogeuza ukurasa. Penye idadi ya wanakaya aliandika wawili. Penye kazi ya mwanakaya wa pili aliandika fundi wa kuchomelea, mwajiriwa wa kudumu. Sheria yao inajumlisha mapato ya wote wanaoishi chini ya paa moja, kwa hiyo mshahara ambao hakuwahi kuuonja ulimfanya mtu wa kujiweza.

"Kwani ulitaka niandike nini?" akaniuliza.

Nikamweleza, kwa sauti ambayo leo naionea haya, kwamba sheria hiyohiyo inasema asiyelala nyumbani zaidi ya miezi sita si mwanakaya, kwa hiyo amtoe tu. Alininunia siku nne. Siku ya tano alihangaika na uzi na tundu la sindano tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha nikamsikia ng'ambo ya ukuta akilia taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua. Kesho yake alifunga duka, akasema twende. Aliomba fomu yake iangaliwe upya, mimi nikaeleza kwamba mwanawe haishi tena pale, wakamwambia afisa ustawi atakuja kwanza kukagua nyumba.

Nilimshauri apunguze vitu chumbani. Aliniangalia kama vile nimemwambia avunje nyumba. Afisa, binti mpole mwenye faili kwapani, alimwamkia kwa heshima, akaingia, akakuta vitanda viwili vimetandikwa, viatu vya kiume vimepakwa rangi vikang'aa, na mashati sita yamepigwa pasi na kutundikwa. Akaandika kitu. Kisha akasema anasikitika, lakini ni wazi kwamba humu anaishi mwanamume, na kudai hayupo ni udanganyifu, kosa la kisheria. Mtu atapofuka kwa sababu ya kupiga pasi.

Mama Pindo alishusha shati moja, akampa.

"Hebu lifunge."

Binti akajaribu. Vifungo vilikuwepo, vyote saba, lakini upande wa pili hapakuwa na pa kuvipitishia. Kitambaa kilikuwa kizima. Akachukua la pili, akachukua la tatu, yote vivyo hivyo. Hata mimi jirani yake sikuwa najua.

"Sitoboi matundu ya vifungo mpaka mwenye nguo asimame mbele yangu," Mama Pindo alisema. "Kila mwaka namshonea moja. Nakisia tu, maana sijui kama amenenepa au amekonda." Akapiga moyo konde. "Naishi peke yangu, mwanangu. Andika hivyo."

Binti akakata wawili, akaandika mmoja. Akatueleza kwamba kwa mtu mmoja kipato kiko ndani ya kiwango, na kadi itatoka baada ya wiki tatu, kabla ya tarehe ya upasuaji aliyopangiwa hospitali. Kilichobaki ni mstari wa mwisho: jina na namba ya mtu wa kuarifiwa likitokea lolote.

Mama Pindo alitoa simu, akaitafuta namba fulani, akaisogeza karibu na uso na kuitazama kwa muda mrefu. Akairudisha mfukoni, akanigeukia.

"Kinyozi, namba yako ngapi?"

Nikaitaja, nikakosea, nikaanza upya. Afisa akauliza mimi ni nani kwake. Mama Pindo akamwambia aandike jirani. Nina miaka hamsini na minane, nalala chumba kimoja na redio, na sijui fomu nyingine yoyote ambayo mtu ameniandika mahali hapo.