Medali ya Marehemu

Jumamosi nilikuwa katika ukumbi mmoja wa Nsambya, ambako wakubwa wa mpira waliwaenzi nyota wa vyuo wa miaka ya sitini. Kama kawaida yetu, tulianza kwa kusimama dakika moja kuwakumbuka waliofariki, majina yakisomwa. Liliposomwa la tatu, mzee aliyekuwa kando yangu akavua kofia.

"Ulimjua?" nikamnong'oneza.

"Ni mimi. Nilikimbilia Kenya wakati wa vita, hawa wakanizika."

Nikamwambia awasahihishe. Akanionyesha ratiba kwa kidole: walio hai watapigiwa makofi, marehemu watapewa medali.

Jina lake lilipoitwa tena, akajikongoja hadi mbele na goti lake lililoumia uwanjani.

"Mzee, wewe nani yake?" mkubwa mmoja akauliza.

"Tunakaa nyumba moja."

"Basi peleka kwa mjane. Mwambie hatukumsahau mzee wake."

Akashukuru kwa mikono miwili. Nawapongeza wakubwa wetu: hawakuwahi kuuliza kaburi liko wapi, lakini salamu kwa mjane walizikumbuka. Nasikia mjane alizipokea vizuri, kisha akamwandalia marehemu chai.